Atomi Ipitapo Katika Sumaku Tatu: Majibu kwa Wasomaji

Toleo lililopita la safu hii lilieleza jinsi Otto Stern na Walther Gerlach walivyoupasua mwale wa atomi za fedha sehemu mbili, mjini Frankfurt, mwezi Februari 1922. Barua zilizofuata zimeuliza karibu jambo moja kwa njia mbalimbali: atomi zilizokwisha kutengwa zikipitishwa katika sumaku ya pili, kisha ya tatu, huzipata nini? Tunazijibu hapa, na ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa kuwa nyingine zote zinaitegemea.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni. Mhadhiri wetu ametueleza kwamba atomi ambazo zimethibitika kuwa spini yake, yaani sifa inayoipa atomi usumaku, inaelekea juu zinaweza, baada ya kupimwa kwa mlalo, kukutwa zinaelekea chini. Hesabu nimeifuata hadi mwisho, lakini moyo umekataa. Kitu kilichokwisha kupimwa kinaipotezaje sifa yake? *Mwanafunzi, Morogoro*

JIBU: Ndugu mwanafunzi, tuanze na yale yanayoonekana. Katika jaribio la Frankfurt fedha ilipashwa moto ndani ya tanuri dogo hadi takriban nyuzi 1000 za Selisiasi, mvuke wake ukapitishwa katika matundu membamba ili uwe mwale, na mwale huo ukasafiri ndani ya ombwe kati ya ncha mbili za sumaku, moja ikiwa imechongwa ukingo mkali na nyingine ikiwa na mfereji. Kwa sababu ya maumbo hayo ugasumaku, yaani eneo ambamo sumaku husukuma na kuvuta, huwa na nguvu zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na kila atomi husukumwa kulingana na jinsi usumaku wake ulivyoelekea. Kama usumaku wa atomi ungekuwa huru kuelekea popote, bamba la kioo lililowekwa mwishoni lingepata doa moja lililotandaa. Lilipata alama mbili zilizoachana kwa takriban milimita 0.2, na kati yake pakabaki wazi.

Atomi ya fedha ina elektroni 47. Kati ya hizo, 46 zimejipanga kwa namna ambayo usumaku wake hufutana, na ile moja inayobaki ndiyo inayoipa atomi usumaku, kupitia sifa tunayoiita spini. Sifa hiyo ilipendekezwa na George Uhlenbeck na Samuel Goudsmit mwaka 1925, miaka mitatu baada ya jaribio lenyewe, kwa hiyo Stern na Gerlach walipata matokeo sahihi na kuyafasiri kwa nadharia ambayo baadaye iliachwa.

Sasa simamisha sumaku ya kwanza wima. Kati ya kila atomi 1000 zinazotoka tanurini, takriban 500 hupanda na 500 hushuka. Zizuie zilizoshuka, kisha zile zilizopanda uzipitishe katika sumaku ya pili ambayo nayo imesimama wima. Zote 500 hupanda tena. Jibu linalorudiwa bila kubadilika ndilo linalotupa haki ya kusema kwamba atomi hizo ziko katika hali ya juu.

Hebu sasa uilaze sumaku ya pili, ipime mlalo. Katika zile 500, takriban 250 huenda kulia na 250 kushoto. Zizuie za kushoto, na zile za kulia uzipeleke kwenye sumaku ya tatu iliyosimama wima kama ya kwanza. Hapo ndipo moyo wako ulipokataa, kwa maana 125 hupanda na 125 hushuka. Mchuuzi aliyetenga maembe mabivu na mabichi, kisha akayapanga yale mabivu kwa ukubwa, hatarajii hata kidogo kukuta maembe mabichi katika fungu la makubwa, na sote tumezoea kufikiri hivyo kwa kuwa vitu vya ukubwa wetu hubeba sifa nyingi kwa pamoja bila sifa moja kuingilia nyingine.

Spini haiko hivyo. Atomi moja haiwezi kuwa na jibu lililothibitika la wima na jibu lililothibitika la mlalo kwa wakati mmoja, na hili si suala la ufundi wa vifaa bali ni la muundo wa hali zenyewe. Hali ya kulia, ukiiandika kihesabu, ni jumla ya hali ya juu na hali ya chini kwa uzito sawa. Hali ya kushoto ni jumla hiyohiyo, ila sehemu ya chini imetanguliwa na alama ya kutoa. Hali ya juu nayo ni jumla ya kulia na kushoto. Ulipozichagua atomi za kulia hukuongeza taarifa ya pili juu ya ile ya kwanza. Uliziweka atomi katika hali mpya, na ndani ya hali hiyo mpya juu na chini zina nafasi sawa kabisa. Atomi ya kulia haikumbuki kwamba awali ilitoka katika mwale wa juu. Ungeanza na atomi zilizokuwa chini, ukazipima mlalo na kuchagua za kulia, ungepata kundi lisiloweza kutofautishwa na hili kwa kipimo chochote cha spini.

Kuna jambo moja linalotokana na hayo ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko hesabu yote. Panga sumaku mbili za wima, ya kwanza iruhusu atomi za juu tu na ya mwisho iruhusu za chini tu. Hakuna atomi itakayofika mwisho. Kisha ingiza kati yake sumaku ya mlalo pamoja na kizuizi chake, yaani ongeza pingamizi katika njia ambayo tayari imefungwa, na kutoka katika kila 1000 za tanurini 125 zitafika. Hakuna uchujaji wa kawaida unaoweza kufanya hivyo, kwa sababu kichujio cha kawaida hupunguza tu.

Sumaku ya pili ikiinamishwa kwa pembe yoyote nyingine, kanuni ni fupi: uwezekano wa atomi kupata jibu lilelile ni mraba wa kosaini ya nusu ya pembe iliyo kati ya sumaku hizo mbili. Kwa nyuzi 60 ni robo tatu, kwa nyuzi 90 ni nusu, kwa nyuzi 120 ni robo, na kwa nyuzi 180 ni sifuri. Ni atomi ipi hasa itakayopanda na ipi itakayoshuka, nadharia haisemi.

SWALI: Mhariri, mimi huwaeleza wanafunzi wangu kwamba sumaku ya kati huitikisa atomi kwa nguvu zake, na kwa sababu hiyo ule mwelekeo wa kwanza huvurugika. Je, maelezo hayo yanatosha? *Mwalimu wa fizikia, Tanga*

JIBU: Mwalimu, maelezo hayo yana sehemu ya ukweli. Ugasumaku huizungusha spini kuuzunguka mhimili wake, na kwa kuwa nguvu za uga hutofautiana kutoka sehemu hadi sehemu, mzunguko huo nao hutofautiana. Hata hivyo, mwanafunzi akibaki na picha ya kutikiswa peke yake atakosa kiini, na njia nzuri ya kumwonyesha ni kumuuliza kinachotokea iwapo miale miwili iliyotenganishwa na sumaku ya mlalo itarudishwa pamoja kwa uangalifu, bila chochote kilichoandikisha ni ipi kati ya njia mbili iliyopitiwa na atomi.

Chukua atomi 1000 zilizo katika hali ya juu. Ziache zitenganishwe kulia na kushoto, na uifunge njia ya kushoto. Zinapita 500, na sumaku ya mwisho iliyosimama wima inazigawa kuwa 250 za juu na 250 za chini. Sasa fungua njia ya kushoto na uifunge ya kulia: matokeo ni yaleyale, 250 juu na 250 chini. Ikiwa kila atomi hupita njia moja na kutikiswa humo, basi njia zote mbili zikifunguliwa tungetarajia kuona 500 za chini. Nadharia inasema tutaona sifuri. Zote 1000 hutoka zikiwa juu, sawa na zilivyoingia, kana kwamba sumaku ya mlalo haikuwapo. Kufungua njia ya pili kumeziondoa atomi za chini ambazo kila njia, ikiwa peke yake, ilizitoa.

Wanafunzi wa kidato cha tano wanaweza kuifanya hesabu yake. Nadharia ya kwanta, ile inayoeleza tabia ya atomi na chembe ndogo, haijumlishi uwezekano moja kwa moja. Hujumlisha kwanza namba zinazoweza kuwa chanya au hasi, kisha hutafuta mraba wa jumla. Kwa atomi iliyoanza juu na kuishia chini, njia ya kulia ina namba nusu chanya na njia ya kushoto ina nusu hasi. Njia moja ikiwa peke yake, mraba wa nusu ni robo, ambayo ndiyo zile 250 kati ya 1000. Njia zote mbili zikiwa wazi, nusu chanya na nusu hasi zinafutana. Kwa atomi inayoishia juu namba zote mbili ni chanya, jumla ni moja, na mraba wa moja ni moja.

Kwa hiyo sumaku peke yake haijapima kitu. Inachofanya ni kufungamanisha mwelekeo wa spini na njia ya atomi, na fungamano hilo linaweza kufunguliwa mradi miale haijaguswa. Kipimo hukamilika pale njia inapoacha alama mahali fulani: kwenye kizuizi, kwenye bamba la kioo, au kwenye kigunduzi.

Kuiunganisha upya miale ya atomi ni kazi ngumu mno, kwa sababu kosa dogo katika kuirudisha linaharibu uwiano wa alama chanya na hasi. Ushahidi mzuri wa mapema ulipatikana kwa nyutroni. Mwaka 1983 kundi la Helmut Rauch, likifanya kazi Grenoble nchini Ufaransa, lilitangaza jaribio ambamo mwale wa nyutroni uligawanywa ndani ya fuwele la silikoni, sehemu moja ikabaki na spini juu na nyingine ikageuzwa kuwa chini, kisha zikaunganishwa. Spini iliyopatikana haikuwa mchanganyiko wa juu na chini. Ilikuwa imelala katika bapa la mlalo, kama hesabu inavyodai. Kwa atomi zenyewe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, wakiongozwa na Ron Folman, walichapisha mwaka 2021 jaribio kamili la kuzitenganisha na kuziunganisha tena kwa nguvu za sumaku.

SWALI: Kwa nini tusiseme tu kwamba kila atomi ina orodha ya majibu iliyofichika, nasi hatujui kuisoma? Bahati nasibu ingekuwa ni ujinga wetu, wala si tabia ya maumbile. *Msomaji, Nairobi*

JIBU: Hili ni swali la haki, na jibu lake linahitaji uangalifu. Kwa spini moja peke yake orodha ya namna hiyo haiwezi kukanushwa moja kwa moja, mradi ukubali kwamba kila kipimo huiandika upya. Mwanafizikia John Bell, katika makala yake ya mwaka 1964, alitengeneza mfano wa aina hiyo unaotoa uwezekano wote sahihi kwa chembe moja. Ugumu alioufichua uko kwenye chembe mbili zilizozaliwa pamoja na kutenganishwa mbali. Ikiwa kila moja inabeba majibu yake, na ikiwa kupima moja hapa hakuigusi nyingine kule, basi jumla fulani ya uhusiano wa majibu yao haiwezi kuzidi 2. Nadharia ya kwanta inaruhusu ifike takriban 2.83.

Mwaka 2015, mjini Delft nchini Uholanzi, watafiti walipima spini za elektroni ndani ya almasi mbili zilizokuwa umbali wa kilomita 1.3, katika duru 245, wakapata 2.42 pamoja na kosa linalokadiriwa kuwa 0.20. Zamu ya kwanza ya majaribio ya aina hii ilikuwa imeanza na fotoni, yaani chembe za mwanga, miaka ya 1970, na Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2022 ilitolewa kwa Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger kwa kazi hiyo.

Je, mlango umefungwa kabisa? Umefungwa kwa orodha ambayo kila chembe huibeba yenyewe bila kuathiriwa na ya mbali. Nadharia ya David Bohm ya mwaka 1952, ambayo ina vigezo vilivyofichika lakini inakubali uhusiano wa mbali, bado inasimama. Ila hata ndani ya nadharia hiyo jibu la spini halimo ndani ya atomi peke yake. Hutegemea mahali ilipo atomi na jinsi sumaku ilivyopangwa. Anayetafuta orodha ya kawaida, kama ile uliyoieleza, hataipata humo pia.

SWALI: Je, ni lazima mtu aangalie ndipo hali ya atomi ibadilike? *Msomaji, Kigoma*

JIBU: Hapana. Molekuli moja ya hewa iliyosalia ndani ya ombwe ikigongana na atomi katika njia mojawapo, kiasi cha kuonyesha ni njia ipi, inatosha kuharibu ule muungano wa kulia na kushoto, hata kama maabara nzima imelala. Fikra au ufahamu wa mtu hauingii popote katika hesabu hii.

SWALI: Shuleni kwetu hatuna tanuri la fedha wala pampu ya ombwe. Je, kuna namna ya kuona jambo hili kwa macho? Na sumaku zikiongezwa ziwe nyingi sana, itakuwaje? *Mwalimu wa maabara, Mombasa*

JIBU: Ipo, Mwalimu, na gharama yake ni ndogo. Tafuta vipande vitatu vya polaroidi, vile vinavyotumika katika baadhi ya miwani ya jua. Weka vipande viwili mbele ya taa, kimoja kikiwa kimezungushwa nyuzi 90 kulinganisha na kingine, na mwanga utazimika karibu wote. Kisha ingiza cha tatu katikati kikiwa kimeinama nyuzi 45. Mwanga utapita. Kwa vipande visivyo na dosari, moja ya nane ya mwanga wa taa hufika upande wa pili, ambayo ni sehemu ileile ya atomi 125 kati ya 1000. Kwa mwanga nyuzi 45 hufanya kazi inayofanywa na nyuzi 90 kwa spini ya elektroni. Mengine yote yanalingana.

Kuhusu wingi, hesabu inapendeza. Anza na atomi zilizo juu na utake kuzifikisha chini, ukitumia sumaku zinazoinama hatua kwa hatua, kila moja ikiruhusu tu atomi zilizokubaliana nayo. Kwa hatua moja ya nyuzi 180 hakuna inayofika. Kwa hatua mbili za nyuzi 90 hufika robo. Kwa hatua tatu za nyuzi 60 hufika asilimia 42, kwa sita za nyuzi 30 asilimia 66, kwa kumi na nane za nyuzi 10 asilimia 87, na kwa hatua tisini za nyuzi 2 hufika zaidi ya asilimia 97. Kadiri unavyoongeza vizuizi ndivyo atomi nyingi zaidi zinavyopita. Upimaji wa karibukaribu huiongoza hali ya atomi kufuata pale sumaku zinapoelekea, na sumaku hizohizo zikikaa bila kuinama, upimaji huo huizuia hali isigeuke. Polaroidi halisi hunyonya mwanga kidogo kila moja, kwa hiyo wanafunzi wako wasitarajie kuipata asilimia 97 kwa vipande tisini.

SWALI: Sumaku hizi za mfululizo, ziliwahi kujengwa kweli au ni michoro ya vitabuni tu? *Msomaji, Zanzibar*

JIBU: Mfululizo wa sumaku tatu kama vitabu vinavyouchora ni wa kufundishia, lakini wazo lake lilijengwa mapema. Stern alihamia Hamburg, na huko Otto Frisch na Emilio Segrè, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1933, walichagua kwa sumaku ya kwanza mwale wa atomi za potasiamu wenye hali moja, wakaupitisha mahali padogo ambapo mwelekeo wa uga hugeuka haraka, kisha wakatumia sumaku nyingine kuhesabu ni atomi ngapi zimegeuka. Mwaka huohuo utawala wa Wanazi ulilivunja kundi hilo, na Stern akahamia Marekani.

Isidor Rabi, aliyewahi kufanya kazi na Stern huko Hamburg, aliukamilisha mpango huo New York mwaka 1938: sumaku ya kwanza huchagua, mawimbi ya redio hapo kati hugeuza spini ikiwa tu yana masafa yanayofaa, na sumaku ya pili hubaini zilizogeuka. Kwa njia hiyo masafa ya ndani ya atomi yakaweza kupimwa kwa usahihi mkubwa mno. Mwaka 1955 Louis Essen na Jack Parry, katika National Physical Laboratory huko Teddington, Uingereza, waliutumia mpango huohuo kwa atomi za sesiamu wakaunda saa, na tangu 1967 sekunde moja imefafanuliwa kuwa mizunguko 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomi hiyo. Baadhi ya saa za sesiamu zinazotunza wakati wa dunia leo hutumia leza badala ya sumaku, lakini utaratibu ni uleule wa kuandaa hali moja, kuigeuza kidogo, kisha kuipima.